Nyumba ya Bibi Yudith Ilivyovuka Masale

Kila Jumamosi Bibi Yudith alibandika makande saa mbili asubuhi, kwa sababu mahindi ya kukoboa kwa kinu hayaivi kwa haraka. Kufika saa tisa alasiri maziwa yalikuwa yameshatiwa, chungu kimeepuliwa, na ndani ya nyumba ya mtu mmoja kulikuwa na chakula cha watu wanane. Hakujua kupika makande ya mtu mmoja. Huko milimani Mamba hakuna anayejua. Mumewe, Wilson, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma na binti yake Victoria alikuwa Moshi, lakini chungu kilikuwa kilekile.

Eliwaza, mtoto wa jirani, alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amekaa mlangoni na bakuli lake la pili alipomwona Babu Sadock ng'ambo ya masale, ile mimea iliyopandwa mstari kuwa mpaka wa mashamba. Babu Sadock naye alikuwa mjane. Alisimama kando ya rundo la kuni, sufuria mkononi, akila ugali ulioungua chini.

“Bibi, Babu Sadock anakula amesimama kama ng'ombe.”

“Ng'ombe ana akili, akishakula analala chini acheue. Kula wewe.”

Eliwaza alimaliza kula. Kisha akachukua bakuli la bati lenye maua mekundu, akalijaza makande, akalifunika kwa sahani.

“Unampelekea nani?”

“Babu Sadock. Nitasema umenituma.”

“Sijakutuma.”

“Najua.”

Kutoka mlango mmoja hadi mwingine zilikuwa hatua mia moja na ishirini. Alizihesabu ili asiwaze jinsi bakuli lilivyokuwa la moto.

“Yudith amesema nini?” Babu Sadock aliuliza.

Bibi Yudith hakuwa amesema kitu. Eliwaza alifikiri kidogo. “Amesema usile umesimama.”

Babu Sadock alikaa juu ya gogo, akala. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Miaka thelathini alifungua na kufunga ndiva, lile bwawa dogo la kumwagilia, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba zamu yake ya maji ililiwa.

Sasa, bakuli la jirani halirudishwi tupu. Babu Sadock alikaa nalo siku nne akitafuta cha kutia, mwishowe akalirudisha na mayai sita. Bibi Yudith hakuweza kula mayai sita ya mtu na kunyamaza, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata alipeleka makande kwa hiari yake mwenyewe. Yakarudi magimbi. Yakaenda makande. Ukarudi mpini mpya wa jembe, umepitishwa katikati ya bakuli kama kijiko. Hakuna kati yao aliyejua namna ya kuacha bila kuonekana hana adabu, na Eliwaza, ambaye alikuwa ameshaamua kwamba wazee hawa wawili watakula meza moja kabla hawajafa, hakuwaambia.

Baada ya miezi minne hatua zilikuwa mia moja na kumi na nne. Alimwambia mama yake kwamba miguu imerefuka.

Mama yake, Jesca, alikuwa afisa ugani wa tangawizi. Alikuwa na pikipiki, stashahada ya kilimo na kamba ya futi ya mita mia, na hakuwa na subira na mambo ya kukisia. Alipima mlango hadi mlango. Akarudi mwezi uliofuata akapima tena. Ilipungua karibu mita moja.

“Miguu yako haina neno,” alisema. “Nyumba ya Bibi Yudith ndiyo imesogea. Vaa viatu, unachelewa shule.”

Ilikuwa kweli. Nyuma ya nyumba, msingi ulipotoka, palibaki ukanda wa udongo mweusi usiokuwa hata na jani, na Bibi Yudith alikuwa ameshapanda tangawizi hapo. Nyumba ilisogea shubiri moja kila Jumamosi, na bati wala ukuta havikupata ufa. Fundi bomba alipoitwa alibadilisha bomba gumu akaweka mpira mrefu, akauviringa mara tano, akasema huo utatosha mpaka mtoto amalize darasa la saba. Fundi umeme aliacha waya ulegee kidogo. Mchungaji aliomba tu nyumba isisogee wakati wa ibada, na haikuwahi kufanya hivyo. Kaburi la Wilson lilibaki palepale, na kila mwezi Bibi Yudith alitembea mbali kidogo zaidi kwenda kulipalilia.

Eliwaza aliandika vipimo kwenye daftari la mistari. Kufika miaka kumi na moja alikuwa ameshajua kanuni yake. Nyumba inayosogea ni ya yule anayeanza kupeleka chakula. Anayerudisha bakuli anajibu tu, na nyumba yake haiondoki. Ndiyo maana nyumba ya Babu Sadock ilikuwa haijasogea hata unyoya: hakuwahi kuanza. Na zile wiki mbili Bibi Yudith alipougua mgongo asipike, nyumba yake nayo ilipumzika.

Wazee walizoea. Mwaka wa kwanza walisalimiana kwa kupunga mkono, wa pili kwa kupaza sauti, wa tatu wakaanza kubishana, kila mmoja dirishani kwake. Walibishana kuhusu mbegu ya tangawizi, kuhusu kwaya, kuhusu mtu aliyekufa zamani ambaye Sadock alisema alikuwa mrefu na Yudith akasema alikuwa anavaa kofia tu. Eliwaza alifanya kazi zake za shule kati yao, chini ya mgomba, akiinua kichwa pale tu mmoja alipoelekea kukasirika kweli. Hapo alisema, “Bibi, Babu anauliza kama kuna chumvi,” na mmoja wao akaondoka dirishani kwenda kutafuta chumvi.

Alipotimiza miaka kumi na tatu, nyumba ilikuwa imebakiza mita tatu ifike kwenye masale. Ndipo alipokuja Reginald.

Reginald alikuwa mdogo wake marehemu Wilson na ndiye msemaji wa ukoo. Alikuja na fimbo, akapima kwa fimbo, akafuta udongo kwenye fimbo.

“Shemeji, hii nyumba inakwenda wapi?”

“Iulize yenyewe. Mimi nilikuwa jikoni.”

“Basi nikuambie na wewe usikie. Nyumba ikivuka masale, umevuka. Mke wa marehemu akitoka kwenye ardhi yetu, ametoka. Shamba la tangawizi linarudi.”

“Linarudi wapi? Nimelilima miaka thelathini na nane. Linajua mkono wa nani?”

“Linarudi kwetu.”

Eliwaza alikuwa amesimama pale na sare ya shule, bakuli kwapani. “Shikamoo Mzee Reginald.”

“Marahaba.”

“Babu Sadock akivuka kuja huku, na yeye anapoteza shamba lake?”

“Mwanaume hapotezi shamba kwa kutembea.”

“Wewe ulipooa tena, ulipoteza nini?”

“Nipoteze nini? Mke ndiye alikuja kwangu.”

“Na yeye huko alikotoka aliacha nini?”

Reginald alimgeukia Jesca, aliyekuwa anafunga mizigo kwenye pikipiki. “Mama Eliwaza, hivi huyu mtoto shuleni wanamfundisha nini?”

“Hesabu,” alisema Jesca.

Sheria ya ardhi ya nchi inasema vingine. Reginald alijua, kwa sababu wiki ileile Jesca alimpelekea nakala. Aliisoma yote, akairudisha bila doa, na ndani ya kurasa zake alitia majani matatu ya chai ya rosemari, kwa kuwa kitabu nacho alikiona hakifai kurudi kitupu. Hakubadilisha neno lake.

Bibi Yudith aliweka chungu uvunguni.

“Nimeacha,” alimwambia Eliwaza. “Nitapika uji. Uji unapikika wa mtu mmoja.”

“Humtaki Babu?”

“Nani kasema simtaki? Namtaka na shamba langu nalitaka. Nataka vyote viwili. Sadock anavyo vyote viwili, mbona hakuna anayemjia na fimbo?”

Jumamosi mbili zikapita bila makande. Babu Sadock alirudi kula amesimama. Jumamosi ya tatu Eliwaza alikivuta chungu kutoka uvunguni, akakibeba kichwani, akakivusha masale na kukiweka mbele ya Babu Sadock.

“Kuanzia leo unaanza wewe.”

“Kuanza nini?”

“Kupika. Anayeanza ndiye nyumba yake inasogea. Mzee Reginald amesema mwanaume hapotezi kitu kwa kutembea. Basi tembea.”

“Mimi makande sijui, mjukuu wangu. Marehemu hakuniruhusu hata kukoroga.”

“Marehemu hayupo kukukataza. Koboa mahindi.”

Makande ya kwanza yalikuwa na mawe. Ya pili mahindi yalisikika mdomoni kama mtu anayetafuna kokoto kanisani. Eliwaza aliyapeleka hivyohivyo, na Bibi Yudith aliyala yote, akarudisha bakuli na kitunguu, ili mpishi aelewe kilichopungua. Ya tatu yaliiva. Jioni ile, kabla jua halijashuka nyuma ya Mlima Shengena, nyumba ya Babu Sadock, iliyojengwa juu ya mwamba na baba yake, ilitoa sauti ya mguu unaochomolewa kwenye tope. Asubuhi kulikuwa na alama nyeupe ya mraba kwenye mwamba, na shubiri moja ya nafasi nyuma. Babu Sadock aliweka hapo matetea wake.

“Imeondoka,” alisema dirishani.

“Nimeona,” alisema Bibi Yudith. “Chumvi punguza.”

Ikawa hivyo kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Nyumba ya Yudith ilisimama mita tatu kutoka kwenye mpaka, tuli kama benchi. Ya Sadock iliteremka kuielekea, Jumamosi kwa Jumamosi. Eliwaza aliingia sekondari, akaanza kurefuka kweli, na hakuhesabu tena kwa hatua. Alitumia kamba ya mama yake. Kulikuwa na Jumamosi mvua ilinyesha mpaka barabara ya kushukia Maore ikakatika, na alibeba bakuli chini ya mwavuli wa jani la mgomba. Kulikuwa na Jumamosi alikuwa na malaria, akalibeba akitetemeka, kisha akarudi kulala. Mama yake alimwambia makande yangeweza kungoja. Eliwaza alisema kwamba wazee hawangoji.

Nyumba ziliposogeleana kiasi cha kusikilizana bila kupaza sauti, Babu Sadock alisema, “Mama Victoria, nyumba zimeshakubaliana. Sisi tunangoja nini?”

“Tunangoja shamba langu nalo likubali, Baba Anold.”

Anold, mtoto wa Babu Sadock, alipopigiwa simu Arusha alisema, “Oa tu baba, baridi hiyo.” Victoria alipopigiwa simu Moshi aliuliza watu watasemaje. Mama yake alimwambia watu wameshasema, sasa wanarudia.

Jumamosi moja ya Novemba, Eliwaza akiwa anakaribia miaka kumi na sita, kizingiti cha Babu Sadock kilipita katikati ya masale mawili bila kuvunja jani. Kilisimama upande wa pili, kikubwa kama kigoda, juu ya ardhi ya ukoo wa Wilson.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja uliokuwa umebaki kati ya nyumba mbili. Palikuwa pembamba, kwa hiyo watu kumi na mmoja walikaa kwa mstari kama wanaosubiri kinyozi. Mtendaji wa kijiji alikuja na daftari. Reginald alizungumza ameketi.

“Kizingiti cha mwanaume kiko kwenye ardhi yetu, mbele ya mlango wa mke wa marehemu. Mwanaume akiingiza mlango wake kwa mwanamke, huyo mwanamke ameolewa. Mwanamke aliyeolewa anakaa kwa mumewe. Sijui kama kuna jambo gumu hapo.”

Eliwaza aliinuka. “Mzee, ulisema akivuka Bibi, Bibi anapoteza. Sasa amevuka Babu.”

“Ndiyo.”

“Na anayepoteza ni Bibi.”

“Ndiyo,” alisema Reginald, bila hasira. Alifurahi kuona mtoto ameelewa.

“Na nyumba yake?” aliuliza Jesca.

“Nyumba ina miguu, aichukue. Shamba halina miguu.”

Mtendaji aliandika. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kwamba asiyeridhika anaweza kuteremka Same akafungue shauri, na kwamba yeye binafsi angempa barua. Watu wote walimtazama Bibi Yudith.

“Mimi na Reginald tunakunywa mfereji mmoja,” alisema Bibi Yudith. “Ndiva iko kwenye mikono ya ukoo wake tangu Sadock astaafu. Nikimshinda Same, nikirudi nimwagilie kwa mate?”

Mtendaji alifunga daftari. Walikunywa chai, wakaondoka kwa mstari uleule.

Eliwaza alibaki amekaa kwenye kizingiti. Alikuwa amepanga miaka saba. Alikuwa na daftari.

“Ni mimi,” alisema. “Nisingebeba lile bakuli ungekuwa na shamba lako.”

“Ningekuwa na shamba na chungu cha watu wanane,” alisema Bibi Yudith. “Wewe ulibeba bakuli. Masale hukuyapanda wewe. Sasa inuka, hicho kizingiti ni cha watu kupita.”

Bibi Yudith akafikiri mwezi mzima. Alipalilia shamba lote, tuta kwa tuta, ingawa hakuwa na uhakika ni nani angelivuna. Kisha akamwambia Sadock alete mshenga.

Wazee wa kanisa walisema mshenga awe mwanaume mtu mzima, mwenye ndoa, anayejua kuzungumza. Bibi Yudith alisema mshenga wake anajulikana. Walipouliza kama anamaanisha yule binti wa sekondari, alisema, “Kazi ameifanya miaka saba. Mnataka nitafute mwingine aje kula pilau tu?” Wakamkubali Eliwaza, kwa sharti avae viatu vya kufunika vidole.

Harusi ilikuwa mwezi wa nane, shule zikiwa likizo. Bibi arusi alikuwa na miaka sabini na mbili na alivaa kitenge cha kijani. Walipokuwa kanisani, kati ya wimbo wa pili na mahubiri, kizingiti cha Babu Sadock kilirudi nyuma kwa adabu, na nyumba ya Bibi Yudith ikaenda mita zake tatu zote kwa mara moja, ikavuka masale nzima hadi upande wa Sadock. Mchungaji aliambiwa baadaye, akasema kwa siku ya harusi anasamehe. Watu waliporudi waliikuta imeegemea ya Sadock ubavu kwa ubavu, majiko mawili yamekuwa moja, na masale yamesimama nyuma yake mstari kamili, hata moja halijalala. Wapishi walikuwa wameshahamishia sufuria ndani.

Walikula meza moja. Babu Sadock alikula amekaa.

Jumatatu asubuhi wanawe Reginald walikuja na majembe kwenye shamba la tangawizi. Walisalimia vizuri. Bibi Yudith aliwaitikia akiwa dirishani. Kutoka pale aliliona shamba lote, kuanzia ukanda mweusi wa kwanza ambao nyumba yake iliuacha Eliwaza akiwa na miaka tisa, hadi kwenye kaburi la Wilson mwisho wake. Tangu siku hiyo akitaka kulipalilia kaburi alisimama kwenye masale, akapiga hodi, akangoja mtu amjibu.

Eliwaza alivumilia mpaka alipomaliza kidato cha nne. Jumamosi iliyofuata baada ya mtihani wa mwisho alikuja saa tisa alasiri, akachukua bakuli la maua mekundu, akalijaza, akalifunika.

“Unampelekea nani?” aliuliza Bibi Yudith.

“Mzee Reginald.”

“Sijakutuma.”

“Najua.”

Nyumba ya Reginald ilikuwa upande wa pili wa shamba, mita mia mbili na kumi na sita kwa kamba. Reginald alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema makande ya shemeji yake hayajawahi kuwa na mfano. Jumatano bakuli lilirudi. Ndani yake kulikuwa na tangawizi mbichi, imeoshwa vizuri, imepangwa. Bibi Yudith aliinusa akajua imetoka tuta la nne, karibu na mfereji, ambako hukomaa mapema. Aliiosha tena, akaitwanga, wakanywa chai watu watatu.

Eliwaza alipima. Mia mbili na kumi na tano, na kidogo. Nyuma ya nyumba ya wazee, kwenye ardhi ya Sadock, kulikuwa na ukanda mpya wa udongo usio na jani. Upana wake ulikuwa shubiri moja. Mbele, ukuta ulikuwa umeshagusa masale.

Reginald aliambiwa. Alikuja na fimbo ileile, akapima, akafuta udongo. Kisha akatazama shamba, na nyumba, na umbali uliokuwepo.

“Ikija ije,” alimwambia Eliwaza. “Sisi wageni hatufukuzi.”

“Miaka miwili itakuwa ndani ya shamba,” alisema Eliwaza.

“Karibuni sana,” alisema Reginald. Na akaenda kuwahimiza wanawe, ambao walikuwa wanapanda upya tuta la nne.

Eliwaza aliandika kipimo kwenye daftari, akalifunga. Jikoni Babu Sadock alikuwa anakoboa mahindi ya Jumamosi inayokuja, na Bibi Yudith anamwambia anakoboa vibaya. Bakuli lilikuwa limeanikwa dirishani. Maua yake yalikuwa yamebaki mawili. Eliwaza alilichukua, akalifuta kwa upindo wa gauni, akaliweka karibu na chungu, mahali ambapo angelikuta Jumamosi.